Binti wa Simu za Madereva

Gracieuse alikuwa mwaka wa tatu wa kemia chuoni Westville, na bila mafunzo ya kazi asingemaliza. Maabara zilimchangamkia mpaka zilipoona karatasi zake za ukimbizi, kisha zikanyamaza. Ndipo shangazi yake Constance, msusi, aliposikia kwa mteja kwamba kampuni moja ya malori huko Clairwood inatafuta mwanafunzi anayejua Kiswahili na Kifaransa.

"Chukua tu," shangazi akasema. "Stage ni stage, mafunzo ni mafunzo."

Chuo kilikubali shingo upande, kwa sharti kwamba akiacha kabla ya muda, anarudia mwaka.

Aliwekwa katika chumba kisicho na dirisha, juu ya ghala, hedifoni masikioni. Kazi yake ilikuwa kuongea na madereva waliokwenda na kurudi Congo. Bosi wake, Serge, mtu wa Bukavu kama yeye, alimpa somo moja tu: "Dereva akiuliza, mpe jibu la kumtuliza."

Hakuchelewa kuelewa kwa nini walimtaka. Madereva waliomtukana Serge, kwake walilainika. Walimwita dada, walimwita mama. Aliwaambia foleni ya mpakani inasogea, nao wakaendelea kungoja foleni iliyosimama. Akirudi nyumbani alifungua vitabu vya kemia, akavitazama, akavifunga.

Jumatatu moja akapiga simu Jecha, mzee wa Kipemba aliyekuwa akirudi na mzigo wa shaba. Alikuwa amesimama kando ya barabara upande wa Zambia.

"Binti, tumbo linanikata. Huku kulia, chini. Tangu jana sijala. Nataka hospitali, lakini gari nimwachie nani?"

Gracieuse akaziba maikrofoni, akamweleza Serge.

"Mwambie dereva wa kumpokea ametoka Ndola."

"Ametoka kweli?"

"Niko namtafuta." Serge hakuinua macho. "Shaba ikiachwa pale itaibiwa. Watakayemuuliza ni miye."

Gracieuse akarudi kwenye simu. "Mzee, ametoka Ndola. Vumilia kidogo."

"Alhamdulillahi. Ukisema wewe, naamini."

Alipiga tena kabla ya chakula cha mchana. Gracieuse akamjibu vilevile. Alipopiga mara nyingine, alisikika akihema tu.

"Serge, nani anakwenda kumpokea?"

"Eish, Gracieuse."

"Nani?"

"Hakuna. Kesho labda."

Alitamani kuvua hedifoni, ashuke ngazi, asirudi. Lakini akitoka, mwaka umepotea, na Jecha atabaki na Serge. Akavuta maikrofoni karibu.

"Mzee Jecha, nisikilize. Nilikudanganya. Hakuna anayekuja. Funga gari, muombe dereva yeyote aliye karibu akupeleke hospitali sasa hivi."

"Tangu asubuhi unanidanganya?"

"Ndiyo, mzee."

Simu ikakatika.

Dereva mwingine alimfikisha Jecha hospitali, akapasuliwa siku hiyohiyo. Kidole tumbo kilikuwa kimeshapasuka, lakini akapona. Lori lilikutwa turubai limechanwa, na sehemu ya shaba haipo.

Gracieuse akafunga mkoba wake, akangoja kufukuzwa. Kwa kweli alikuwa anaomba afukuzwe, maana kufukuzwa si kuacha; huenda chuo kingemhurumia. Serge akafunga mlango.

"Sikufukuzi. Nikikufukuza, nani ataongea nao? Ila sahihi yangu kwenye fomu ya chuo hutaipata mpaka wenye shaba waache kudai."

"Hiyo si haki."

"Miye nilisoma kilimo," Serge akasema, kama anayejibu swali lingine. "Hapa nilikuja kushika kazi kidogo tu, nikingoja ya fani yangu." Akamsogezea hedifoni.

Muhula wa mafunzo ukaisha, wenzake wakarudi darasani, yeye akabaki Clairwood. Siku Jecha aliporudi kazini, Gracieuse alishuka mbio mpaka ghalani kumwamkia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Alikuwa amekonda, shati linampwaya. "Kumbe u mdogo hivi. Ulinitoa mautini, binti, nashukuru."

"Nisamehe, mzee."

"Nimeshakusamehe. Ila kuanzia leo nikipiga simu nitamtaka Serge. Yeye nikimsikia tu, najua ananidanganya."

Akapanda lori, akaliwasha. Gracieuse akasubiri mpaka lilipotoka getini, kisha akapanda ngazi kurudi juu, ambako simu zilikuwa zinalia.