Funda la Mwisho Mpaka Köln

Tegua hiki: ninaondoka nyumbani na mtoto, ninafika niendako na mzee, na njiani sikubadilisha mtu.

Ottilie alikitunga mwenyewe asubuhi hiyo, amesimama kwenye kituo kidogo cha treni cha Kirrbach, dumu la lita tano amelibana katikati ya viatu. Jibu lilikuwa humo ndani ya dumu. Ilikuwa divai mpya ya zabibu zilizokamuliwa juma hilohilo, ingali nyeupe kama maji ya kuoshea mchele, ingali inanong'ona. Divai ya namna hiyo asubuhi ni tamu kama mtoto anayetaka kubebwa. Ikifika jioni imekuwa kali kama mjomba mwenye baridi yabisi. Tena haifungwi. Kifuniko unakiegesha tu juu, ipumue. Ukikikaza, utajuta na jirani zako watajuta.

Aliyekuwa anapelekewa ni kaka yake, Eugen.

Eugen alivunjika nyonga mwaka uliopita, binti yake Sabine akamchukua kwake mjini Köln, ghorofa ya nne, amwangalie. Nyonga ikapona. Mwenye nyonga ndiye aliyekataa kupona. "Kilima kimenichoka, Otti," ndiyo maneno yake kwenye simu. "Mpe Helmut kile kipande. Ang'oe mizabibu, afanye atakavyo." Na Helmut, jirani yao, hakuficha atakavyo: alitaka mahali pa kuegesha matrekta. Kipande chenyewe kilikuwa mteremko uitwao Kitanda cha Paka, marehemu baba yao aliujengea kuta jiwe kwa jiwe, na kwa sheria ulikuwa wa Eugen. Zabibu za kule juu zilikuwa karibu kuiva. Kama Eugen asingerudi kuzivuna, Helmut angeingiza mashine mara moja.

Ottilie alikuwa amembembeleza kwa simu mpaka sikio likapata moto. Alikuwa amemwombea kanisani. Amemtukana pia, kidogo. Sasa limebaki hili dumu. Walipokuwa wadogo, yeye na Eugen waliiba divai mpya kwenye pipa la baba kwa mrija wa ngano, wakainywa ingali tamu, wakalala chini ya gari la zabibu huku wanacheka. Ottilie aliamini kwamba ikimgusa ulimi ingali na utamu ule, yule mkaidi atavaa viatu mwenyewe. Ila ilikuwa lazima ifike kabla haijazeeka.

Basi akapanda. Treni ndogo ikamvusha kwenye mistari ya mizabibu mpaka Neustadt, akabadilisha, na baada ya Mainz akapata kiti kizuri upande wa mto. Mto Rhine ulikuwa umejaa jua. Aliyekaa mbele yake alikuwa bwana mnene, msafi, masharubu yamechanwa. Upande wa pili walikaa dada wawili wenye fimbo za kutembelea milimani, Gerlinde na Roswitha, wamevaa kofia zinazofanana na wanabishana juu ya sandwichi.

"Umebeba nini, mama?" aliuliza yule bwana. "Kinanung'unika."

"Mwanangu. Wewe unatoka wapi?"

"Köln. Naitwa Jupp. Nimefanya kazi ya kutengeneza bia tangu nikiwa kijana mpaka nikastaafu."

"Pole," alisema Ottilie.

Akacheka mpaka masharubu yakatikisika. Ottilie akamwona ni mtu mwema, ndiyo maana walipopita Bingen na haja ikambana, alimwambia, "Bwana Jupp, niangalizie huyu. Asianguke tu."

Na Jupp akaangalia. Aliangalia mno! Aliinama akasikia dumu linatoa hewa, fss, fss, akafikiri maskini bibi wa watu, chombo chake kinavuja. Akakishika kifuniko kwa mkono uliokaza mapipa maisha yake yote, akakizungusha mpaka kikagoma.

Hapo hapo treni ikasimama. Kondakta, mwanamke mwembamba jina lake Aylin, akatangaza kwamba kuna mbuzi kwenye reli, wametelemka kutoka kwenye mizabibu ya juu na hawaonyeshi nia ya kuondoka. Jua likapiga kioo. Behewa likawa kama tanuri la mkate. Na Ottilie alikuwa amefungiwa chooni, kitasa kinazunguka bila kufungua, mpaka Roswitha aliposikia anagonga akaenda kumtoa kwa fimbo yake.

Aliporudi alilikuta dumu limevimba kama chura.

"Nani amekaza?"

"Mimi, mama," alisema Jupp kwa fahari. "Lilikuwa linavuja hewa."

"Lilikuwa linapumua, ewe mtu wa bia! Hukuona linapumua?"

"Nilifungue?"

"Usiguse! Inameni wote!"

Ottilie akafumba macho, akakigusa kifuniko kidogo tu. Kilimtoka mkononi. Kiligonga dari, povu likafuata, likampaka Gerlinde kofia na miwani, likamwogesha Jupp masharubu, likashuka polepole kwenye dirisha kana kwamba linaangalia mandhari. Kisha Gerlinde akatoa ulimi, akalamba pembe ya mdomo.

"Roswitha," alisema, "hii ni tamu."

Kondakta Aylin akaja mbio. "Nini hiki kwenye treni yangu?"

"Mtoto ametapika," alisema Ottilie, huku ameinua dumu, anaona iliyobaki haifiki hata nusu.

Wote wakafuta. Gerlinde alitoa skafu yake, Jupp akatoa leso, akatoa na fulana ya kubadilisha, akapiga magoti na umri wake akafuta mpaka chini ya viti. Sasa mfikirieni Ottilie. Kwao mkoani Pfalz, mtu mliyekaa naye benchi moja humwachi koo kavu. Hata kama humpendi. Kuna glasi maalumu, kubwa ya nusu lita, imetobolewa vishimo vya duara ubavuni ili vidole vyenye mafuta visiteleze, na glasi hiyo ni moja kwa meza nzima, inazunguka. Ottilie alikuwa nayo mkobani, imefungwa kwenye soksi ya Eugen. Alijiambia: mzunguko mmoja. Watu wamefuta, wapate funda mojamoja, basi.

Lakini mbuzi nao hawakuwa na haraka.

Glasi ikazunguka. Aylin alikataa kwa kuwa yuko kazini, ila alisimama karibu sana na harufu. Ottilie akawategea kitendawili chake. Gerlinde akasema ni mshumaa. Roswitha akasema ni ndoa. Aylin akakuna kichwa kwa tiketi.

"Hamjui? Nipeni mji."

"Chukua Koblenz," alisema Aylin.

"Koblenz ndogo."

"Chukua na Bonn. Haya, jibu?"

"Mnalinywa," alisema Ottilie, nao wakapiga makelele ya kushindwa mpaka behewa la pili wakageuka. Glasi ikajazwa tena. Jupp, aliyesema bia ndiyo kinywaji cha wanaume, alikuwa anaipokea kwa mikono miwili. Kila mzunguko divai ilikuwa imepoteza utamu kidogo na kuota jino. Ottilie alisikia hilo ulimini mwake akajua muda unakwisha, na bado mkono wake ukamimina, kwa sababu nani amewahi kumiminia nusu ya benchi akaiacha nusu?

Treni ilipoondoka, Jupp alikuwa na glasi. Akaiinua juu amalizie.

"Weka chini!" Ottilie alimpigia ukelele. "Hilo ni funda la mwisho. Kwetu anayemaliza ndiye anayejaza."

"Si kitu, nitajaza. Dumu liko wapi?"

Ottilie akalipindua dumu. Lilitoa pumzi moja, basi.

"Utajazia Kirrbach," alisema. "Kwenye pipa. Ushuke kituo kinachofuata, urudi."

Jupp akaiweka glasi mezani kama imemuunguza. Akaisogeza kwa Gerlinde. Gerlinde akaisogeza kwa Roswitha. Roswitha akasema anapenda sana dunia lakini si leo. Glasi ikarudi mbele ya Ottilie, na ndani yake funda moja. Hapo ndipo akili ilipomrudia sawasawa: alikuwa ametoka na lita tano kwenda kumrudisha Eugen, naye anafika na kiasi cha kumeza kidonge. Akageukia dirishani. Machozi yaliyomtoka hayakuwa ya povu.

Wakamuuliza, akawaeleza yote, nyonga, Helmut, matrekta. Jupp akawa mwekundu mpaka shingoni.

"Mama, nikununulie bia umpelekee?"

"Kwa vile viglasi vyenu vya kutilia dawa ya macho?" alisema Ottilie, akajifuta pua. "Eugen atadhani nimekuja kumzika."

Hivyo ndivyo watu wa Köln walivyomwona bibi mmoja akikatiza uwanja wa stesheni taratibu, glasi kubwa mikononi, leso juu yake, na bwana mwenye masharubu yanayonata akimfungulia njia kwa dumu tupu: "Pisheni! Pisheni kuna funda hapa!" Dada wawili wenye fimbo walifuata nyuma, eti wahakikishe limefika.

Ngazi za ghorofa nne hazikumwaga hata tone.

Eugen alikuwa kwenye kiti chake dirishani, blanketi miguuni, uso kama kabati lililofungwa. Sabine alitoka jikoni na mwiko.

"Shangazi! Na hawa?"

"Wanywaji," alisema Ottilie. "Kaka Eugen, usiniulize."

"Dumu tupu," alisema Eugen. "Umesafiri siku nzima kuniletea dumu tupu?"

"Lilikuwa limejaa."

"Nililikaza mimi," alisema Jupp, kofia kifuani.

"Ulikaza kifuniko cha divai mpya?" Eugen alimtazama kutoka juu hadi chini. "Otti, umemtoa wapi huyu?" Na kitu kikaanza kumtikisa mabega, taratibu, kikapanda mpaka kooni, akacheka. Sabine akauweka mwiko chini. Kicheko hicho kilikuwa hakijasikika kwenye nyumba ile.

Ottilie akaondoa leso, akampa glasi.

Vidole gumba vya Eugen vikaingia kwenye vishimo vyenyewe, bila kutafuta. Ninyi mjue kwamba huyu Eugen alikuwa maarufu. Maisha yake yote, kwenye sherehe zote za divai za Kirrbach, hakuna aliyewahi kumwona akimaliza glasi. Alikuwa na ufundi wa kubakiza tone dogo kabisa, la kulowesha ulimi wa kuku, halafu anampa jirani huku anatabasamu. Helmut ndiye aliyekuwa akinaswa kila mara.

Akanusa. Akanywa kidogo.

"Imeshageuka," alisema. "Ina meno."

"Najua," alisema Ottilie. "Ilitoka mtoto."

"Ni ya Kitanda cha Paka?"

"Ya mistari ya chini. Ya juu inakungoja wewe, au inamngoja Helmut."

Eugen aliitazama glasi, ambamo mlibaki lile tone lake la kawaida. Akamtazama dada yake. Kisha mzee akainua glasi, akakipeleka kichwa nyuma, akaipindua juu ya mdomo mpaka tone likaanguka, akaigonga na chini yake kwa kidole ili na povu lishuke.

"Baba!" Sabine alisema. "Umemaliza."

"Nimemaliza?" Eugen aliichungulia glasi kwa mshangao usiomdanganya mtu. "Naona nimezeeka. Mkono umeteleza."

"Kuna vishimo humo ili usiteleze," alisema Ottilie.

"Usibishane na mgonjwa. Sabine, kuna treni saa ngapi?"

"Chini kuna duka la divai," alianza Jupp, na Gerlinde akamkanyaga mguu.

Sabine alikuwa ameshapiga magoti kando ya kitanda cha baba yake, anavuta kutoka chini viatu vya shambani, vile ambavyo mzee alisema amevitupa. Vilikuwa vimepakwa mafuta, vinang'aa, kamba mpya.

"Sitapanda juu kule," Eugen alionya huku anavaa. "Nitasimama chini niwatukane mnavyovuna."

"Ndivyo ulivyofanya siku zote."

"Wavunaji mnao?" aliuliza Roswitha. "Sisi tuna likizo."

"Hata mimi naweza kuja," alisema Jupp kwa unyonge.

Eugen akasimama, akajaribu nyonga, akachukua fimbo kwa mkono mmoja na dumu tupu kwa mwingine. "Njoo," alisema. "Utabeba ndoo. Vifuniko hugusi."