Alama Nyekundu kwenye Sakafu ya Yolande

Kila asubuhi Yolande Kalenga hufagia saluni yake ya Matonge, mtaa wa Wakongo mjini Brussels, kuanzia nyuma hadi mlangoni. Huanza na vipande vya nywele za kusukia, kisha vumbi la viatu, mwisho alama ya mpira. Alama yenyewe ni doa la vumbi jekundu lenye umbo la yai, na ubavuni mwake kipande cha mstari mweupe. Ukingo wa doa unagusa mstari. Yolande huizoa yote na kuitupa pipani, nayo hurudi kabla kahawa haijachemka.

“Maman Piro, alama yako imesharudia,” huita kuelekea ngazini.

“Iache, ninashuka,” hujibu Piroska Halmos, mpangaji wa juu.

Piroska ni Mhungari na huuza viatu karibu na kituo cha metro cha Porte de Namur. Kiswahili alikipata hapo saluni. Zamani alikuwa mchezaji wa tenisi wa kulipwa. Alianza kwa kupiga mpira kwenye ukuta wa ghala la pilipili mjini Szeged, kisha kwa miaka mingi akacheza mashindano madogo ya Ulaya, akilala kwenye treni na kufua soksi katika vyoo vya stesheni. Mchezo wake wa mwisho ulikuwa hapahapa Brussels, kwenye uwanja wa vumbi la matofali. Alibakiza pointi moja tu aingie katika mashindano makubwa kwa mara ya kwanza. Mpira wake ukagusa mstari. Msimamizi wa mstari akasema nje. Mwamuzi akashuka kwenye kiti chake kirefu kwenda kukagua, maana juu ya vumbi hilo kila mpira huacha alama, lakini kidole chake kikazungushia alama ya mpira mwingine, iliyokuwa mbali kidogo. Piroska akapoteza pointi ile, kisha seti, kisha mchezo.

Usiku huo alama iliyoachwa ilimfuata hotelini, ikakaa kwenye zulia. Tangu hapo imemfuata katika kila nyumba, na katika hii ilichagua sakafu ya saluni. Piroska aliweka raketi chini, akasema ataishika tena siku ambayo mwamuzi ataitazama alama ya kweli na kutamka alichokiona. Hakurudi kwao. Alibaki kumngoja. Alikumbuka jina lake moja tu, Armand, na akina Armand wa Brussels ni wengi.

Wateja wa saluni huiruka alama na kwenda kukaa. Waliotoka Lubumbashi huipenda, kwa sababu ni nyekundu kama udongo wa kwao.

Jumamosi Piroska huwa kazini. Lakini Jumamosi moja ya Machi bomba lilipasuka dukani, akashinda saluni, Nathalie, msusi wa Yolande, akimsuka. Mlango ukafunguliwa na mzee wa Kibelgiji aliyewahi kufundisha shule huko Likasi, Kongo. Kila Jumamosi mzee huyo hununua makayabu, wale samaki wa chumvi, katika duka la jirani, la Modeste, na siku hiyo duka lilikuwa limefungwa.

“Jambo, bamaman. Modeste atafungua saa ngapi?”

“Eko kwa kilio, Tonton Armand,” Yolande alisema. “Leo utakula mayai.”

Mzee alikuwa akitazama sakafu. Aliegemeza mwavuli ukutani, akainama, mkono mmoja gotini, akaizungushia alama duara kwa kidole.

“Iko ndani,” alisema.

“Ile siku ulizungushia ingine,” Piroska alisema kutoka kitini.

Armand alimtazama. Nusu ya kichwa ilikuwa imesukwa, nusu bado.

“Mademoiselle Halmos.”

“Donc weye ulikuwaka refa?” Yolande aliuliza. “Miaka yote unapita hapa na makayabu yako, na miye nafagia mpaka mugongo inavunjika! Hauna haya?”

“Hakuna muntu aliniuliza.”

“Sema tena,” Piroska alisema.

“Ndani.”

“Kwa nguvu.”

Akasema kwa sauti yake ya uwanjani, na kinyozi wa ng’ambo ya barabara akageuka.

Kisha Armand aliipigia simu ofisi ya mashindano. Msichana mpole alimsikiliza hadi mwisho. Alisema ni kweli, alama nyingine hukataa kufutika, lakini wachezaji wakishatoka uwanjani matokeo hayabadilishwi. Akamtakia wikendi njema.

“Alors, iko ndani ao iko nje?” Nathalie aliuliza, chanuo mdomoni.

“Kwa ofisi, nje. Kwa sakafu, ndani.”

“Bon,” Piroska alisema. “Nathalie, maliza kichwa. Kesho ninacheza.”

“Na nani?”

“Na weye.”

Jumapili asubuhi alama ilikuwa mahali pake. Yolande aliifagia, ikarudi. Katika kumbukumbu za mashindano Piroska alikuwa bado ameshindwa.

Baada ya misa walikwenda kwenye uwanja wa bure wa Saint-Josse, ambao ni wa lami. Armand alileta raketi mbili. Wanawake wa saluni walijipanga kwenye benchi na bakuli la mikate ya mafuta. Nathalie, katika gauni lake la kanisani, alikosa mipira yote ya mwanzo na kulaumu jua, ingawa kulikuwa na mawingu. Kisha Piroska akapiga mmoja kama zamani, chini na kwa nguvu, ukagusa mstari.

“Nje!” Nathalie alipiga kelele. Akainama kutafuta alama. Lami haikuwa na kitu.

“Ndani!” benchi zima lilijibu.

“Nathalie, mubongo weye, unadanganya!” Yolande alisimama. “Bantu bote baliona!”

“Amewapa viatu vya bure, hein?” Nathalie alijifuta jasho. “Bon, ndani. Kamata pointi yako, maman.”

Piroska akaichukua. Alirudi nyuma ya mstari, akauliza hesabu ni ngapi. Wote wakamgeukia Armand, na Armand alikuwa anatafuna mkate.

“Sikuhesabu,” alisema.

“Refa gani huyu!” Yolande alisema. “Tuanze mwanzo. Zéro partout, sifuri kwa sifuri.”

Piroska akaurusha mpira juu.