Kabla ya Kuvuta Droo

...na sasa imeshaanza kuvuma, basi tena, swali nimelisikia lote na jibu sijalisikia, yule rafiki wa huyu binti wa hapa nyumbani ana sauti ya kunadi mitumba, Mungu amtunze, kakaa sebuleni kwangu na soksi zake kamwuliza mwenzake bila hata kunong'ona, "Huyo aliyetufungulia mlango ni nani yako?", na mimi huku jikoni kidole ndiyo kwanza kinatoka kwenye kitufe, hii mashine ya kukaangia kwa upepo ikaachia pumzi yake, vuuuu, jibu likapotelea humo humo, nimeambulia "wa baba" peke yake... wa baba nani, mke wa baba, mgeni wa baba, mtu tu wa baba, na baba mwenyewe yuko njiani na lori lake, hana habari kwamba nyumbani kwake leo mkewe anaulizwa cheo. Ningechelewa kidogo tu kubonyeza, ningejifanya nafuta meza, lakini mimi na haraka zangu, vijiti vya jibini vimetoka kwenye friza vigumu kama chaki nikavipanga mbio mbio visije vikalainika, maana mara ya kwanza ndivyo nilivyoviua, nilivitoa mapema nikaviacha mezani barafu iyeyuke, kama nyama, mtu yeyote aliyelelewa jikoni anajua kitu cha friza unakiacha kwanza kirudiwe na fahamu, basi vikaingia vimelegea, jibini yote ikachuruzika chini ya kikapu, yakabaki maganda ya mkate, matupu, nami nimesimama na kijiko nakwangua huku nayatafuna hayo maganda kuficha ushahidi, ndipo akaingia yeye, akatazama, akaiambia mashine, siyo mimi, mashine, "Haviyeyushwi. Vinaingia na barafu yake," akatoka, lakini naapa mdomoni palikuwa na kicheko, alikibana kama mimi ninavyobana pini kwa meno ninapopima pindo.

Mashine ya mama yake hii. Mama mzazi, huko ng'ambo alikoolewa tena, aliituma ndani ya boksi kubwa, nikaipokea mimi, nikaifungua mimi, nikaifuta vumbi la safari, mume wangu akasema, "Iweke popote," wanaume, popote, kana kwamba ni ndoo, nikaiweka hapa kando ya jiko, mke mwenza wa plastiki, ana taa yake ya buluu, kila asubuhi tunatazamana. Simchukii. Mashine simchukii na mwenye mashine simchukii, anapopiga simu wikiendi nasikia mlango wa chumbani unafungwa halafu, "Mama! Mama, ngoja nikuonyeshe! Mama, hujasikia bado!", Mama juu ya Mama, na mimi kwenye cherehani yangu naondoa mguu kwenye pedali ili kelele isinifichie hata moja, sioni wivu, mtoto na mama yake, sioni wivu... naona. Haya, naona, nimesema.

Mimi haniiti. Angeniita vibaya ningejua pa kushika, haniiti kabisa, anapanga maneno yake kama mtu anayevuka matope kwa kurukia mawe, hakanyagi jina, "Maji yamekatika," "Baba kapiga, atachelewa," "Chakula kilikuwa kitamu," anaiambia sahani, na shikamoo ananipa kila siku, ya heshima, kamili, lakini iko peke yake, kama nguo iliyoletwa kushonwa bila kusemwa ni ya nani. Anti, hapana. Mama mdogo, hapana. Hata Fundi, ambalo mtaa mzima wananiita, yeye halitaki. Nilimwambia baba yake akacheka, "Mwache, atazoea," nikamwacha, nikasema ulimi ni wake, mimi mlango nimeuacha wazi, akitaka ataingia mwenyewe, na nikajisifu, wateja wote wanajua, mimi mtoto wa watu simlazimishi.

Leo kaja na mgeni, hajawahi, kasimama pale mlangoni akaliangalia zulia, "Kuna mgeni. Vya jibini bado vipo?", na moyo wangu ukaruka, mjinga mimi, kwa vijiti vya jibini, kwa sababu hajawahi kuniomba kitu, chumvi tu anaifuata mwenyewe upande wa pili wa meza. Harufu imeanza kutoka, mkate unakauka vizuri, sebuleni wanacheka... "...anashona hadi magauni ya harusi?"... hilo nimelisikia, upepo ulishuka kidogo, kumbe wananizungumza, sasa kamwambia nashona, kwa hiyo pengine ndilo jibu alilotoa, fundi wa baba, hapana, baba hashonewi, suruali zake ananunua... nikivuta droo mashine inanyamaza, hii ina tabia hiyo, ukiivuta tu inakata pumzi, ningesikia kila kitu, na mkono wenyewe uko tayari kwenye kishikio, sijui umefika saa ngapi. Acha. Bado havijafika nusu. Utavifungulia baridi vianze kuvuja halafu utawapelekea watoto maganda, mbele ya mgeni, sitaki.

Na tuseme nisikie. Tuseme ni "mke wa baba", si ndivyo nilivyo, kuna uongo gani hapo? Tuseme yule mwenye sauti anakuja huku anasimama mbele yangu ananiuliza mimi, "Na huyu ni nani yako?", mimi ningejibu... ningejibu nini... nimeshajibu. Wiki iliyopita, mteja wa mapazia alimwona anapita na begi, akauliza, nami nikasema bila kuinua kichwa, "Binti wa mume wangu." Alikuwa bado yuko kwenye korido, anavua viatu. Alivivua taratibu sana siku ile.

Subiri kwanza. Mimi namwitaje? Bibie. "Bibie, chakula tayari." "Mrembo karudi?" "Mwenye nyumba, zima taa." Utani, utani mzuri, watu wanacheka, na bibi harusi wa asubuhi hii, alipolia gauni limembana, nilimwambia, "Mwanangu, gauni halijanenepa, mmoja wenu tu ndiye aliyenenepa," akacheka na machozi yake, na muuza vifungo mwenye ndevu mpaka kifuani, "Mwanangu, hizi rangi umezitoa wapi?", kila anayepiga hodi pale dukani kwangu, mbele ya nyumba, ni mwanangu, neno nalitupa kama vipande vya vitambaa, na huyu, huyu anayelala chumba cha pili, ninayeijua mikono yake kuliko yangu kwa sababu kila muhula narefusha sweta... alipopata homa nilimkanda na kitambaa cha maji mchana kutwa, nilimwambia nini, nilimwambia pole, pole bibie. Sijawahi. Nakumbuka huku, nakumbuka kule, hakuna, sijawahi hata mara moja. Naye ana masikio, anapita dukani akitoka shule, anasikia mwenye ndevu anavyoitwa. Nilidhani mlango niliuacha wazi, kumbe nilikuwa nyuma yake nimeubana kwa bega, nasubiri mtoto ndiye asukume, mtoto, mimi mtu mzima na futi yangu shingoni, nikiogopa nini, naogopa ataniambia mimi si wako, hilo tu, ndilo ninaloogopa, ataniambia mama yangu ninaye, na ni kweli anaye, na mashine yake hii hapa inavuma.

Imepiga kengele ya nusu, vinatikiswa sasa. Navuta. Upepo unakatika na nyumba yote inatulia ghafla, kijiti kimoja kimeshapasuka ubavuni, jibini inachungulia, siyo mbaya, vingine ni vizima.

"Mwanangu!" Sauti imetoka juu mno, kama ya mtu aliyekanyagwa. "Hebu njoo uniangalizie, nivigeuze au nivitikise tu?"

Natikisa kikapu, chembe za mkate zinaruka, siangalii mlango, najua nimeharibu, mbele ya mgeni tena, ningemwacha jamani, ningesubiri mgeni aondoke... halafu ile sauti ya kunadi mitumba, "Anakuita wewe?"

Na safari hii mashine iko kimya, nasikia.

"Ee, mimi," kasema, upesi, kama mtu anayejibu jina lake darasani, halafu kwa nguvu zaidi kuja huku, "Tikisa tu! Nakuja!", bila anti, bila mama, bila chochote, vile vile kama siku zote, nami narudisha droo mahali pake, upepo unaanza tena, bado nusu.