Kamba ya Mafundo Hamsini

Kri. Kisha kimya.

Umeme ulikuwa umekatika Isevya nzima, nami ndio kwanza naingia uani kutoka darasa la jioni. Sauti ilitoka chumbani kwa mama mkwe: bawaba ya sanduku lake la bati. Nikabisha hodi. Kri nyingine, sanduku likafungwa, na mwanangu Rustika, wa miaka mitano, akacheka gizani kama mtu aliyeambiwa asiseme.

Siku nyingine ningepita tu. Jioni hiyo nilisimama mlangoni na madaftari yangu, nikijiuliza hawa wawili wananificha nini.

Maana nilikuwa nimetoka kuitwa mwizi. Si kwa neno hilo. Mwalimu Emilian ni mtu wa staha, alisoma seminari ya Kipalapala miaka minne kabla ya kuona upadri si wake. Alinibakiza wenzangu walipoanza kutoka, akaweka mezani hadithi niliyoiandika kwa ajili ya kitabu cha darasa. Ni ya mpagazi mfupi kuliko wote katika msafara wa kwenda Ujiji. Amebebeshwa mzigo usiofunguliwa, na kila kambi mzigo unamwita kwa sauti ya mama yake, unamwomba aufungue.

Akaniambia hadithi za namna hii amezisoma nyingi, safari ndefu, kitu cha hatari begani, misitu yenye macho, na zote za ng'ambo. Akasema hata waandishi wa huko walichota kwa bibi zao, kwenye ngano za zamani walizosimuliana kando ya moto, na kuchota si kosa.

"Ila Yustina, sema ulikochota. Usiponionyesha, jina lako silipeleki kwenye mtihani."

Miaka mitatu ya kusoma jioni, mtoto namwachia bibi yake, ili siku moja nifundishe watoto wadogo. Yote sasa yanategemea hadithi moja.

Nilimjibu kuwa ni ya mama mkwe. Bundala, mwanafunzi mwenzangu aliyekuwa akijifanya anatafuta kalamu chini ya dawati, akauliza kama mama mkwe wangu ana king'amuzi.

Nilicheka, lakini maneno yake yaliniingia. Mimi mwenyewe sikuwahi kumsikia mama akisimulia, kwa sababu saa hizo niko darasani. Hadithi niliipata kwa Rustika asubuhi, kipande kipande, nikimsuka nywele. Mwisho hakuuleta, alisema bibi huishia hapo, hunyamaza. Basi nikamalizia mwenyewe huku ananitazama. Na Rustika na bibi yake wanauza karanga wapi? Mbele ya kibanda cha video cha Mfaume, ambako picha za Wazungu zinatafsiriwa na mtu mwenye maikrofoni, majini, mapanga na yote. Nikaanza kupiga hesabu. Karanga Jumatatu, mzigo unaongea Jumanne. Wiki ile nzima nilimtazama mama mkwe kwa jicho ambalo sikuwahi kumtazama nalo. Kumbe nimeandika sinema ya Mfaume?

Jumamosi saa tisa Mwalimu akaja nyumbani, amsikie mama mkwe mwenyewe. Akamwamkia mama shikamoo, akaitikiwa marahaba, akapewa kiti. Kwa heshima zote akauliza habari za hadithi ya mpagazi.

"Hadithi gani?" mama mkwe akasema. "Mimi sijui hadithi."

Niliinamisha macho sakafuni. Rustika alifungua mdomo. Bibi yake akamtupia jicho, mdomo ukafungwa. Mwalimu akakunja daftari langu taratibu, akaanza kuaga.

Mama akamwambia mgeni haondoki kwake bila chai. Akawasha jiko la mkaa, akapepea bila haraka yoyote. Chai ikaja saa kumi na moja. Kisha akasema kuna viazi vitamu, akavimenya kimoja kimoja kama anavichonga. Mwalimu aliangalia saa, mimi niliangalia mikono ya mama. Anatucheka, nikawaza. Au anamsubiri mtu aje amfundishe la kusema.

Jua lilipozama akanawa, akafunga mlango, akaingia chumbani. Kri.

Akarudi na kamba ya magome, imekuwa nyeusi kwa kushikwa, imejaa mafundo.

"Sasa niulize, Mwalimu. Mchana watu wako njiani. Ukisimulia, wanageuka nyuma kusikiliza, wanapotea. Na mwanangu leo yuko njiani."

Mwanawe ndiye Anakleti, mume wangu, utingo wa lori la Kigoma. Mimi nimekulia Nzega kwenye chumba cha kupanga. Hadithi tulizisikia redioni saa yoyote. Hilo ningelijulia wapi?

Akatueleza kuwa babu wa baba yake alikuwa mpagazi. Alipoondoka kwenda Ujiji alimwachia mkewe kamba hii, fundo moja kwa siku moja, hamsini za kwenda na kurudi. Kila jioni mke alishika fundo, akawaambia watoto baba yao leo amelala wapi na amekutana na nini. Asilolijua alilitunga. Hapo mama akaanza kusimulia, vidole vikitembea kwenye kamba, na mzigo ukaanza kuita. Mwalimu alisahau kuangalia saa.

Alipofika fundo la mwisho, akanyamaza.

"Bibi yule aliishia hapa," akasema. "Mumewe hakurudi."

Mwalimu akasema mbona kwenye daftari mwisho upo, akausoma kwa sauti. Mpagazi anafika kwao na mzigo haujafunguliwa. Mzigo unamwita kwa sauti ya mama yake, na mama mwenyewe anaitika kutoka ndani ya nyumba. Mzigo unanyamaza, unakuwa mwepesi kama pumba.

Mama mkwe akanigeukia na jicho lile lile nililomtazama nalo wiki nzima.

"Nani kakwambia alirudi? Huo umeutoa wapi?"

Mwalimu naye alikuwa ananisubiri, kidole kwenye ukurasa. Rustika, niliyedhani amelala, akainua kichwa mapajani mwangu.

"Bibi, mwisho katunga mama."