Uso wa Kazini

Fundi wa majeneza alikuwa amezika watu wa kila hali, na katika kazi hiyo alikuwa amejifunza jambo moja zaidi ya useremala: kuizima furaha kabla haijafika usoni. Haifai mfiwa aingie karakana na kumkuta fundi akichekelea. Kwa hiyo kila raha ilipompanda, aliinamisha kichwa, akafumbata mikono mbele ya tumbo, akavuta pumzi ndefu mpaka raha ikapita zake. Ilikuwa nidhamu njema, nayo ilimjengea heshima mjini. Kasoro yake ni kwamba nidhamu hiyo haikujua likizo ni kitu gani.

Watoto wake walimlipia yeye na mkewe mapumziko katika nyumba ya wageni kando ya ziwa. Walipofika, fundi alishika sanduku kubwa upande mmoja, mpagazi akashika upande wa pili, nao wakaingia ukumbini kwa mwendo wa kazini: polepole, hatua sawasawa, macho chini. Wageni waliokuwa wameketi wakasimama. Mmoja akavua kofia.

"Baba watoto," mkewe akamnong'oneza, "humo mna magauni yangu, hamna maiti."

Walipewa chumba cha ghorofani chenye dirisha pana, na ziwa lote lilikuwa limejaa dirishani. Mkewe alipiga makofi, akavua viatu, akajitupa kitandani kama msichana.

"Tazama, mume wangu! Nimezeeka nikilisubiri dirisha kama hili!"

Fundi akatazama. Raha ikampanda kutoka magotini. Akainamisha kichwa, akafumbata mikono. "Tumepaona," akasema.

Meneja, binti mwenye bidii iliyopita kiasi, alikuwa bado mlangoni na funguo mkononi. Aliuona uso ule, akadhani mgeni hakuridhika. Wakati wa chakula alikuja mezani kwao.

"Shikamoo, mzee. Chakula kinaridhisha?"

"Marahaba. Kinatosha," fundi akajibu, kwa sauti ya kando ya kaburi. Chakula kilikuwa kitamu ajabu, lakini meneja akaamuru kibadilishwe.

Kesho yake asubuhi, vijana wawili wa meza ya jirani walimwambia fundi kwamba wameoana juzi tu.

"Poleni sana," fundi akasema, akawapa mkono. Bibi harusi akamgeukia mumewe kwa mashaka mapya.

Hapo ndipo meneja alipokuja tena, akitabasamu kwa hofu.

"Mzee, naona chumba hakijakupendeza. Nimewatafutia kingine, kule nyuma. Kimya kabisa, wala hakuna ziwa la kuwaumiza macho. Maharusi watachukua chenu. Mizigo inahamishwa sasa hivi."

Mkewe akaweka kijiko chini. "Nani kasema hakijatupendeza?"

"Ni uso wa mzee, mama."

"Umesikia?" Mkewe akamgeukia fundi, na safari hii hakuwa na mzaha. "Dirisha langu linaondoka kwa sababu ya uso wako. Mimi nimeshasema vya kutosha. Sema wewe."

Fundi akajiona mkosaji. "Chumba kinanipendeza mno," akasema, kama mtu anayesoma wasifu wa marehemu.

"Mzee, usijilazimishe kwa ajili ya adabu."

Basi fundi akajaribu kutabasamu. Midomo ilifunguka, meno yakatokeza, lakini macho yalibaki makaburini. Meneja akarudi nyuma.

"Unaumwa, mzee? Niite daktari?"

Mkewe akaangua kicheko. "Kama mtu aliyekanyaga msumari mbele ya mkwe!"

Fundi akahisi kitu kinampanda. Haraka akainamisha kichwa, akafumbata mikono.

"Mama," akauliza bibi harusi, "na siku ya harusi yenu alikuwa hivi hivi?"

"Siku ya harusi? Alimpa baba yangu pole! Na baba naye akaitikia, 'Tumeshapoa'!"

Mikono ya fundi ikaachana yenyewe. Kicheko kikamtoka kama mbuzi waliofunguliwa zizini, wakigongana mlangoni. Alitazama huku na huku akimtafuta mfiwa wa kumwomba radhi, asimwone hata mmoja; ukumbi mzima ulikuwa ukicheka.

"Rudisheni mizigo juu!" meneja akawaita wahudumu, akijifuta machozi.

"Turudisheni na sisi kwenye chumba chetu," akasema bwana harusi. "Hatukuja hapa kutazama ziwa." Mkewe akampiga kofi la bega.

Alasiri fundi aliketi dirishani kando ya mkewe. Kujizuia ni jambo la heshima, lakini mfiwa aliyekuwa akijizuia kwa ajili yake hakuwapo hapo. Akakohoa.

"Mke wangu, nina furaha."

"Unasemaje? Sikusikia."

"Nimesema nina furaha."

"Hebu tena."

"Nina furaha, bwana! Usinichoshe!"

Chini uani, mwanamke aliyekuwa akianika mashuka akainua kichwa. "Hongera, mzee!" akaitikia.

"Ahsante, mama!" fundi akapaza sauti. "Na hilo ziwa umeliona?"