Madam Severa na Tivii ya Tatu B

Tangazo rasmi. Kwa wazazi, walimu na wapenda maendeleo wote wa Gerezani, Kariakoo na vitongoji vyake: Ijumaa iliyopita, katika darasa la Kidato cha Tatu B, elimu ya sayansi ya nchi hii iliokolewa na kijana mmoja shupavu aitwaye Urvish Natvarlal.

Kijana huyo ni mimi. Na katika tangazo hilo, cha kweli ni siku na darasa tu.

Nianze na sifa zangu. Nilisoma bweni Moshi hadi katikati ya kidato cha pili, nikarudishwa nyumbani kwa sababu ambazo baba yangu, mwenye duka la vyombo Kariakoo, ameomba zisitajwe mbele ya wateja. Hapa kwenye shule ya kutwa nilipata cheo haraka. Projekta ikigoma, spika ikinyamaza, mwalimu alimtuma mtu: "Kamwite Urvish." Nikatoka katikati ya Jiografia, mwendo wa daktari bingwa, nikabonyeza kitufe kimoja, nikarudi Jiografia ikiwa imekwisha. Walimu wote walinihitaji.

Wote isipokuwa Madam Severa wa Fizikia.

Shule iliponunua tivii kubwa za ukutani, Mkuu wa shule, Mwalimu Benedict, alitoa amri: kila mwalimu wa sayansi atafundisha kipindi kizima kwa tivii, Mkuu akiwa amekaa nyuma. Atakayeshindwa, madarasa yake atapewa Mwalimu Ignasi, aliyemaliza chuo juzi, na aliyeshindwa atahamia maktaba. Maktaba yetu ina makabati mawili na popo.

Madam Severa, mwenye vumbi la chaki mpaka kwenye nyusi, alikuja kutuambia mwenyewe.

"Kitu hiki sikijui," alisema, akiionyesha tivii kwa rula. "Nitajifunza hapa hapa, mbele yenu. Na maktaba siendi. Mwenye kicheko akitoe sasa, akimalize."

Tulikitoa. Alisubiri tumalize, kisha akawasha, na badala ya somo la miale ya mwanga tukaona picha za sherehe ya sendofu ya mpwa wake, shangazi mmoja akicheza na sahani ya pilau kichwani. Nikainuka kwenda kuokoa jahazi.

"Kaa chini, Urvish."

"Lakini Madam, ni kubonyeza tu hapo..."

"Kaa. Ukibonyeza wewe, utajua wewe."

Nilikaa. Darasa zima lilinitazama nikikaa.

Basi kila jioni, mafundi wa vipuri wakigonga vyuma nje ya ukuta, yeye alibaki na tivii ile peke yake, akiisemesha kama mwanafunzi mchelewaji: "Jana ulifungua vizuri. Leo unaniletea nini?" Alikosea, akafuta, akaanza upya. Akaanza kujirekodi kwa simu akifundisha viti vitupu, halafu anajitazama na kujigombeza: "Severa, unaongea na ukuta. Geuka." Mwezi haukuisha, akawa anachora mwale kwa kidole, mwale unapita kwenye kioo na kupinda mbele ya macho yetu. Hakuna aliyesema kamwite Urvish. Ugonjwa huu ungeenea kwa walimu wengine, mimi ningekuwa nani?

Ijumaa nilivaa sweta. Dar es Salaam, mwezi wa tatu. Ndani ya mkono wa sweta nilificha simu, ambayo ni marufuku shuleni, yenye programu ya rimoti inayozima tivii ya aina yoyote. Nimeijaribu kwenye maduka mengi ya Kariakoo, ingawa sijawahi kuigusa siku ya mechi ya Simba na Yanga. Hata mimi naupenda uhai wangu.

Mkuu alikaa nyuma na faili lake. Madam alichora mwale wa kwanza. Nikabonyeza. Tivii ikazima.

Aliwasha, akaendelea. Nikazima. Trupti, kiranja wetu, akaenda kuwasha. Nikazima tena. Jasho lilikuwa linanitiririka hadi kwenye soksi, lakini mpigania haki hajali joto.

Mkuu akasimama. "Mwalimu Severa, nadhani tumeona vya kutosha."

"Wewe umeona, Mkuu. Mimi sijamaliza," alisema Madam. "Naomba ukae."

Mkuu wa shule akakaa.

"Feni inazunguka, kwa hiyo umeme upo," aliendelea Madam, sasa akiongea na sisi. "Kijitaa hiki chekundu kinawaka, kwa hiyo tivii ni nzima. Haijaharibika. Imeamriwa."

Kisha akatugeuzia mgongo, akainua simu yake mbele ya uso na kuanza kujipiga selfi, sisi wote tukiwa nyuma yake.

"Maskini, kapagawa," Caroline wa dawati la mbele yangu alinong'ona.

"Trupti, washa tena."

Trupti akawasha. Mimi ni mtu wa msimamo. Nikabonyeza.

Madam hakugeuka. "Urvish."

"Naam, Madam."

"Njoo mbele utusaidie."

Nilisubiri maneno hayo mwezi mzima! Nilitembea kifua mbele. Alinipa simu yake. Haikuwa selfi, ilikuwa video: kichwa chake pembeni, darasa nyuma, na katikati ya darasa nukta ya zambarau inayokonyeza kama nyota.

"Waeleze wenzako hiyo ni nini."

"Ni mwanga wa rimoti, Madam. Jicho haliuoni. Kamera inauona."

"Vizuri sana. Unatoka wapi?"

"Kwenye... sweta."

"La nani?"

Nilitafuta mtu mwingine mwenye sweta. Hakuwepo.

"Langu."

"Sauti, Mkuu yuko mbali."

"Langu, Madam! Nimezima mimi. Mara zote."

Mkuu alikuwa amesimama tena. "Mwalimu, hilo la kamera nani kakufundisha?"

"Betri za rimoti ziliniishia. Nikatafuta namna ya kujua zipi nzima," alisema Madam, mkono wake ukiwa umenyooshwa mbele yangu kupokea simu yangu. "Naomba niendelee, kipindi bado changu."

"Ni chako," alisema Mkuu, akifunga faili. "Na Jumatatu pia. Huyu nitamsubiri ofisini, na baba yake."

Madam aliipokea simu, akanitazama. "Kwa nini, Urvish?"

Nilikuwa na uongo wa aina tatu, wote wa bweni, wote umejaribiwa. Nikafungua kinywa kuchagua.

"Wengine wote huwa wananiita, Madam," nikasema. "Nilitaka na wewe uniite."