Shingo ya BSA

Zadock Amolo alikuwa amechoka, na si uchovu wa kulala ukaisha. Miaka thelathini ya kuinamia pikipiki za watu pale Obunga ilikuwa imemkalia mgongoni, na sasa, mwaka huu wa tisini na moja, kazi iliyombakia ilikuwa ya macho tu. Bildad, mfanyabiashara wa Nyeri mwenye duka mjini Kisumu, alikuwa akinunua pikipiki za zamani kwa ajili ya tajiri fulani wa Nairobi. Zadock ndiye aliyemwambia hii ni mali, hii ni takataka.

Asubuhi hiyo Bildad alikuwa hapo hapo karakanani wakati Benta, mjane wa Mwalimu Dalmas wa Kombewa, alipoingia na fremu ya pikipiki kichwani, jasho likimtiririka.

"Mzee, hii ndiyo kitu Dalmas aliniachia," alisema akiitua. "Mvua ya Machi ikinipata bila mabati, watoto watalala kwa maji. Niangalilie vizuri."

Zadock alikwangua matope. BSA, pikipiki ya Kiingereza ya miaka ya hamsini, hakuna ubishi.

"Kama namba yake iko, elfu kumi na mbili, natoa sasa hivi," Bildad alisema. "Kama haiko, hiyo ni chuma ya kilo. Mia tatu."

"Namba hukaa shingoni, pale usukani unapoingia. Tulia, Bwana."

Akapitisha kitambaa chenye mafuta ya taa. Shingo ilikuwa laini. Laini tu, kama kigae.

"Imefutwa," Bildad akasema. "Mama, huyo mume wako alitoa wapi hii kitu? Namba hufutwa na wezi."

"Wezi? Dalmas?" Benta alipiga makofi ya mshangao. "Yawa! Alinunua kwa Mzungu wa Maseno, Kombewa yote inajua!"

Zadock alirudisha kidole shingoni mwa fremu. Chini ya kidole chake mikwaruzo ya tupa ilikuwa imelalia upande usio wa kawaida, na fundi wa mkono wa kushoto aliyejulikana siku zile ni mmoja tu, yeye mwenyewe. Akakumbuka. Mwaka wa sabini na nne Dalmas alianguka nayo, shingo ya fremu ikavunjika, akamletea aichomelee. Mji mzima ulikuwa ukimsifu Zadock kwamba akichomelea hutauona mshono, na mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Akapiga tupa mpaka kila kitu kikang'aa.

Angeweza kunyamaza. Maiti hajibu, na ugali wa Zadock siku hizi ulitoka mfukoni mwa Bildad. Lakini Benta alikuwa ameanza kulia, analilia jina la mumewe kuliko hata mabati, na aibu ikamkaba mzee wa watu.

"Si wizi," alisema. "Ni mimi niliifuta. Nilitaka mshono usionekane."

Bildad alimtazama, akatikisa kichwa. "Na hayo ndiyo macho mimi nategemea." Akaingia kwenye pikapu yake akaenda zake, asiache hata ile mia tatu.

Benta alijifuta uso. "Dalmas hakukuambia usiguse namba?"

"Aliniambia."

"Ukamjibu nini?"

Zadock alitamani ardhi ipasuke immeze. "Nilimuuliza, kwani namba inaliwa?"

Benta akatazama upande wa ziwa, mawingu yalikokuwa yakikusanyika. Hakumtukana. Afadhali angemtukana. Alizungusha leso ikawa ngata, akaiweka kichwani.

"Nitwishe, Mzee."

Akamtwisha. Mama wa watu akatoka nayo kuelekea stendi, shingo ya fremu imetangulia mbele, na hata pale jua lilipoipiga, mshono haukuonekana.